Nukta Zilizolala

Chemba,
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada yangu Restuta,

Shikamoo. Sisi huku Chemba tu wazima. Mama William anakusalimu, na anauliza kama lile goti unalipaka mafuta ya mnyonyo aliyokutumia au umeyaweka dirishani yaote jua. Mvua imetunyeshea wiki nzima, mtama umefika magotini, na barabara ya Dodoma imekuwa uji mtupu, kwa hiyo sijui barua hii utaipata lini.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimechaguliwa, dada! Jana saa kumi jioni Sinodi imenichagua kuwa Askofu wa dayosisi yetu. Mimi, mchunga mbuzi wa Gulwe! Raundi ya kwanza hakuna aliyefikisha kura. Raundi ya pili mwenyekiti aliposimama kusoma jina nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Kasisi aliyekaa nyuma yangu akanipiga mgongoni, nikadhani ananitaka nimpishe, nikasogea. Akanipiga tena. Kuinua kichwa, ukumbi mzima umesimama, unapiga makofi, na mimi kiatu kimoja kiko wazi. Hivyo ndivyo nilivyokwenda mbele, nakokota kamba.

Hapa Chemba sasa ni shangwe. Habibu, yule Mrangi mwenye basi dogo la Dodoma, amepita mbele ya nyumba akipiga honi tangu sokoni. Wazee wa msikitini wamekuja na beberu, wakasema askofu wa Chemba ni askofu wao pia. Mama William analia na kucheka kwa zamu.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeishika mara tatu, nikaiweka. Simu ni ya msiba na ya kuulizana mvua. Habari hii nimetaka kuitoboa mwenyewe kwa nukta nundu, nukta moja moja, juu ya kibao kile kile ulichonifundishia nikiwa na miaka minane, ili uisome kwa vidole vyako bila mtu kukusomea.

Maaskofu wote watakutana katikati ya Mei kunithibitisha, na kuna fomu ndefu ya kujaza kabla ya hapo. Kuwekwa wakfu ni Jumapili tarehe 22 Juni. Kamati ya maandalizi inataka wasifu wangu wa kuchapisha kwenye kijitabu cha ibada. Nimewaambia anayenijua tangu sina meno ni dada yangu, mwalimu mstaafu, waache aandike yeye. Usinikatalie. Barua zipitie Dodoma, duka la vitambaa la Hina, kama siku zote.

Mdogo wako anayetetemeka kwa furaha,
Yotham


Gulwe,
20 Februari 2025

Mdogo wangu, Baba Askofu,

Nimeandika hivyo nijue vidole vitajisikiaje. Vimejisikia vizuri sana.

Marahaba. Hapa nyumbani ni salama. Mto umefurika, treni imelala stesheni siku mbili, na abiria wamenunua karanga za kijiji chote. Goti linaendelea. Mafuta ya mkeo yapo, na kweli yapo dirishani.

Nikuambie ukweli? Habari ilinifikia kabla ya barua yako. Jumapili ile ile mchungaji wetu aliitangaza baada ya mahubiri, nikapiga vigelegele mpaka mtoto wa jirani akaamka akalia. Kisha kwa siku kumi nikajifanya sijui, maana nilijua umekaa na kibao chako unatoboa, na sikutaka kukunyima raha yako. Ilipofika niliisoma kama sijawahi kusikia, na pale ulipokokota kamba ya kiatu nikacheka peke yangu jikoni. Umoja wa Mama wameshaanza mazoezi ya ngoma yetu ya muheme. Ngoma zinawambwa upya. Wanasema watakuja Kanisa Kuu na ngoma kumi na nane, na asiyetaka kelele abaki kwake.

Wasifu nimeuanza. Nisikilize: "Yotham Mlewa alizaliwa Gulwe mwaka 1968, kitinda mimba wa mzee Bartolomayo Mlewa, mfugaji." Hapo kamati itafurahi. Hawatajua kwamba mwaka 1976 ulipoteza mbuzi watatu korongoni kwa sababu ulikuwa unasoma barua yangu ya bwenini. Baba hakujua kusoma hata herufi za wino, wala sikutaka mwalimu awe ananiandikia yaliyo moyoni mwangu, ndipo nikakufundisha nukta nundu wakati wa likizo. Ulizishika kwa macho tu. Kwa vidole ulishindwa kabisa, Yotham. Ulikuwa unainamisha karatasi dirishani ili nukta zitupe kivuli, mimi nikikuambia huyu hasomi, anachungulia.

Kisha nimeandika chuo cha theolojia, ushemasi mwaka 1995, ukasisi mwaka uliofuata, na Chemba, makanisa tisa ya tembe za udongo na baiskeli moja isiyo na breki. Nimeandika kisima ulichochimba pamoja na watu wa msikitini, kwamba mpaka leo ndoo za pande zote mbili zinapanga foleni moja. Nimeandika ulivyofanywa kanoni, mshauri wa askofu, mwaka 2007. Nimejivuna njia nzima.

Hapa naanza ukurasa wa pili, kwa sababu nimefika mwaka 2009 na nimekwama. Mwaka huo ulikaa kwenye jopo la usaili wa watu wanaotaka ukasisi. Silvano, mwanafunzi wangu, mwinjilisti wetu asiyeona, alikuja mbele yenu. Ibada nzima alikuwa nayo kichwani na Injili nne kwenye vidole. Wewe ndiwe uliyemuuliza, juu ya kugawa mkate wa Meza ya Bwana: "Utajuaje nani amekuja mezani?" Alinyamaza, nanyi mkamrudisha nyumbani. Miaka kumi na sita sijakuuliza, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na yeye ni mwanafunzi wangu, na nilikuwa nakula chakula kwenye nyumba zote mbili. Sasa utakuwa askofu. Kuhusu mwaka 2009, niandike nini? Na Silvano utamfanyia nini? Nijibu haya mawili kabla ya yote.

Dada yako,
Restuta


Chemba,
2 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. William amepata likizo ya Juni na atakuja na wajukuu. Mtama umetoa masuke, na ndege wanatuzidi akili.

Barua yako nimeipata juzi tu! Mvua ilikata barabara, Habibu hakwenda mjini wiki tatu, na bahasha ikabaki dukani kwa Hina. Unawajua wale vijana wake wa dukani, waliiweka chini na juu yake wakapanga marobota ya khanga. Ukurasa wa kwanza umenusurika. Nimecheka mpaka Mama William akaja kuniangalia. Vigelegele vya siku kumi! Dada, wewe ni mwongo mzuri. Ukurasa wa pili ndio uliolaliwa, nukta zote zimelala. Nimeupapasa mpaka ncha za vidole zikawaka moto, nimeambulia neno "kuhusu" basi. Niandikie tena yaliyokuwemo.

Jana nilikwenda kupimwa kanzu ya zambarau. Hina mwenyewe ndiye aliyechagua kitambaa. Amesema marehemu baba yake, mzee Dhirajlal, alimuuzia baba yetu shuka mwaka wa njaa na kumwambia atalipa akiweza, kwa hiyo kumvika mtoto wa mzee Bartolomayo ni kazi ya duka lile tangu zamani. Nikageuka kumshukuru, nikaangusha mnara mzima wa vitambaa uliokuwa pembeni yangu. Mnara mkubwa, dada, wala sikuuona. Hina akacheka: "Baba Askofu, umekuja kushona kanzu au kubomoa duka?"

Fimbo ya kichungaji inachongwa kwa mninga. Kwaya tatu zinagombea nani aimbe wakati wa kuingia. Kila nikiamka nakumbuka upya kwamba ni kweli, na moyo unaruka.

Fomu ya maaskofu nimeijaza, bado sijaituma. Ina maswali ya kuchosha. La kumi na moja linataka kujua magonjwa yote niliyo nayo, kana kwamba wananunua ng'ombe mnadani.

Wako,
Yotham


Gulwe,
11 Aprili 2025

Mdogo wangu Yotham,

Marahaba. Nyumbani ni salama, kuku wangu ameangua vifaranga tisa, na ngoma ya muheme imefika ishirini na mbili.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Nikasema huyu anakwepa. Nimemuuliza habari za Silvano na mwaka 2009, naye anasingizia marobota ya Hina. (Ndiyo, ukurasa wa pili ulihusu Silvano, na swali ulilomuuliza. Sasa umeusoma.) Nilikasirika hata uji ukaungua.

Siku ya pili niliisoma tena, na hasira ikaondoka mara moja. Natamani ingebaki.

Yotham, tangu lini wewe unapapasa?

Nimefundisha nukta nundu miaka thelathini na mmoja. Daftari zilizokandamizwa na masanduku ya wanafunzi nilizipelekea walimu wenzangu wenye macho, nao waliziinamisha dirishani wakanisomea zote, mstari kwa mstari. Nukta ikilala, alama yake hubaki kwenye karatasi. Jicho huiona. Asiyeipata ni kidole. Mtu wa macho angeniambia, "Dada, barua yako imekandamizwa lakini nimeisoma." Wewe umeniambia kile ambacho ningekuambia mimi.

Halafu mnara wa vitambaa, mkubwa, pembeni yako. Unakumbuka baba? Mbele alikuwa anaona sindano. Pembeni alikuwa anagonga miimo ya mlango, ndama, mtungi wa mama. Tulisema ni uzee. Tulimcheka, Mungu atusamehe.

Na vidole vyako, vilivyonishinda kuvifundisha utoto mzima, vimejifunza lini? Vidole vya mtu mzima havijifunzi kwa wiki moja. Hiyo ni kazi ya mwaka, au miwili, ya kujificha.

Mimi niliondokewa na macho kwa surua nikiwa na miaka mitatu, sina ninachokumbuka wala ninachokililia. Wewe unavyo, kwa hiyo sitakuambia ni jambo dogo. Nakuuliza tu: swali la kumi na moja umejibu nini?

Dada yako,
Restuta


Chemba,
21 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo, na Pasaka njema. Sote wazima. Ibada ya jana ilijaa mpaka nje.

Kuhusu uliyoandika, taa ya chumba changu ni hafifu siku hizi, umeme wenyewe unajijua. Usiyakuze. Watu elfu tatu wanaandaa sherehe, mama zetu wanawamba ngoma, wazee wa Chemba wamenunua viatu. Huu siyo wakati wa maneno kama hayo.

Fomu nimeshaituma.

Yotham


Gulwe,
2 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Tumeanza kung'oa karanga, nimeketi siku mbili kuzipukusa na mgongo umenikumbusha miaka yangu.

Sikuulizi tena. Barua yako ya Pasaka ilikuwa na mistari saba, na mimi nimezoea kusoma hata mahali pasipoandikwa.

Nimekutumia mzigo. Ni ibada yote ya kuwekwa wakfu askofu, niliyoinakili kwa nukta nundu: zaburi, maswali ya Askofu Mkuu, majibu yako, kiapo. Kurasa themanini na sita, vitabu vitatu. Mchungaji wetu alinisomea, mimi nikapiga mashine siku kumi na moja, nikianza hata kabla barua yako haijafika. Kiapo kipo ukurasa wa thelathini na moja, nimeukunja pembe. Nimewaagiza watu wa Hina kwamba atakayeweka robota juu yake atakutana nami.

Kama macho yako ni mazima, karatasi hizi zifungie karanga.

Neno moja tu. Sikuweza kusahihisha kazi yangu mwenyewe, nikampa Silvano. Alikaa kibarazani kwangu tangu asubuhi, akasoma yote, akakuta makosa mawili. Hakuuliza ni ya nani. Kijiji hiki kina askofu mteule mmoja tu, na Silvano siyo mjinga. Alipomaliza alifunga kitabu akasema, "Mwalimu, mwambie asikimbize vidole. Akikimbiza atapotea kwenye kiapo."

Kisha akachukua fimbo yake nyeupe akaenda kwenye maombi ya jioni.

Dada yako,
Restuta


Dodoma,
17 Mei 2025

Dada yangu, dada yangu, dada yangu,

Shikamoo mara tatu. Nakuandikia nikiwa chumba cha nyuma cha duka la Hina, maana siwezi kungoja kufika Chemba. Wote wazima. Hina ameniletea chai na kachori, anakusalimu, na anasema hakuna robota lililokaribia mzigo wako.

Sasa pokea yote kwa mpigo. Ni presha ya macho. Daktari aliniambia miaka miwili iliyopita. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Natia dawa ya matone asubuhi na jioni, lakini kilichokwenda hakirudi. Hata Mama William nilimwambia ni miwani tu. Nilianza kujifunza kwa vidole chooni, dada, mlango umefungwa, na barua zako za zamani. Askofu mteule anajifunza kusoma chooni! Na kwenye swali la kumi na moja niliandika "Hapana".

Niliuandika uongo huo kwa mkono huu huu utakaobariki watu. Niliogopa wangenirudisha nyumbani. Nilijua wanavyorudisha watu, kwa sababu niliwahi kumrudisha mtu.

Mzigo wako ulinifikia tarehe tisa. Niliufungua kwa hasira, nikaenda ukurasa wa thelathini na moja. Nikasoma kiapo chote kwa vidole, polepole kama alivyosema Silvano, na sikupotea. Nilipofika "kwa msaada wa Mungu" nilikuwa nalia. Nikamwita Mama William nikamwambia yote. Alinuna siku mbili, siyo kwa sababu ya macho, kwa sababu ya miwani. Siku ya tatu akaniambia, "Utakwenda kuwaambia mwenyewe, na nitakaa nje ya mlango mpaka utoke."

Maaskofu walikutana juzi Alhamisi. Niliomba kusema kabla hawajapiga kura. Nikawaambia kwamba nilidanganya kwenye fomu, na nikaeleza hali ya macho yangu. Kisha mmoja wao, mzee mwenye sauti ya upole, akauliza: "Kanoni, utajuaje nani amekuja mezani?"

Maneno yangu. Yale yale, kana kwamba aliyaokota sakafuni nilipoyaacha mwaka 2009.

Sikuwa na jibu. Nilisimama pale nimenyamaza kama Silvano alivyonyamaza, na ndipo nilipojua kimya kile kilikuwaje. Nikawaambia, "Swali hilo nilimuuliza mtu asiyeona, nikamnyima ukasisi kwa kukosa jibu. Leo mimi pia sina." Askofu Mkuu akaniuliza kama ninaweza kuongoza ibada. Nikatoa kitabu chako kwenye mkoba nikawasomea kiapo.

Wakanitoa nje saa nzima. Mama William alikuwa ameshika mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Walipotuita ndani, Askofu Mkuu alinikemea kwa ule uongo, kweli kweli, nikaona haya kama mtoto. Halafu akasema, "Tumekuthibitisha. Na tarehe 22 utasoma hivyo hivyo, mbele ya watu wote, wajue askofu wao ni nani."

Wajue! Dada, nimetoka pale mwepesi, nimemkanyaga mlinzi mguu nikamwomba radhi nikicheka.

Silvano nimemwandikia mwenyewe kwa nukta. Nimemwomba msamaha bila "lakini" hata moja, na nimemwomba akubali kuitwa tena kwenye usaili, jopo jipya, ambalo mimi sitakaa. Kama hataki kunijibu, ana haki. Na kwenye wasifu, mwaka 2009, andika ukweli.

Mdogo wako,
Yotham


Gulwe,
26 Juni 2025

Baba Askofu, mdogo wangu,

Marahaba, na sasa unipe baraka, kisha tuendelee na utani wetu.

Tumefika salama, sauti zimetukauka. Wamama wanatembea kwa kuchechemea na kila mmoja anasema ndiye aliyecheza kuliko wenzake. Najua ulikuwepo, lakini anayewekwa wakfu huwa haioni sherehe yake, na wewe ndiyo kabisa. Kwa hiyo nakusimulia.

Ngoma zilikuwa thelathini na moja. Zilipoanza kwenye uwanja wa Kanisa Kuu, ardhi iliingia miguuni mwangu mpaka kwenye goti bovu, na goti likapona kwa saa mbili nzima. Habibu alipiga honi wakati wa Zaburi. Hina alikuja na ukoo mzima, wakakaa safu ya tatu, akawa anamwambia kila mtu kanzu ile ni kitambaa chake. Kamati haikuufurahia mstari wangu wa mwaka 2009, "Mwaka huo alikosea, akamnyima mwenzake nafasi kwa sababu haoni." Walitaka kuufuta. Nikawaambia mimi siwezi kuona kilichofutwa, kwa hiyo nitamwomba mtu anisomee kwa sauti pale pale uwanjani, nijue. Wakauacha.

Ulipoanza kiapo, vipaza sauti vilichukua mkwaruzo wa vidole vyako juu ya karatasi. Fundi mitambo akaja mbio akidhani waya umeachia. Mimi nilijua ni nini. Silvano, aliyekaa kulia kwangu, naye alijua. Alikuwa anafuata maneno kwa kidole chake juu ya goti, na ulipofika mahali pagumu alipokuonya, akashika pumzi. Ulipopita salama akaiachia. Nimesikia mambo mengi katika maisha yangu, Yotham, lakini sijasikia kitu kilichonifurahisha kama mkwaruzo ule.

Barua yako alikuwa ameipata mwezi mzima kabla. Hakuniambia neno juu yake, nami sikumuuliza. Nilijua tu kwamba ameisoma mara nyingi, maana siku moja niliishika na nukta zake zilikuwa zimeanza kulala.

Wakati wa kushiriki, aliinuka kabla yangu. Nikaweka mkono begani kwake tukafuata mstari. Foleni mbili zilikuwepo, ya Askofu Mkuu na yako, na mtu akatuelekeza upande wa Askofu Mkuu, ulikuwa mfupi. Silvano akasema, "Hapana, ule mwingine."

Nilisikia ukigawa, mtu mmoja, mwingine, mwingine. Kisha zamu yetu ikafika na wewe ukakwama. Nadhani jua lilikuwa usoni mwako na sisi tulikuwa upande wako wa kushoto. Mkate ulikuwa mkononi na hukujua uuelekeze wapi. Watu nyuma yetu wakaacha hata kuimba.

Silvano akanyoosha viganja vyake akasema, "Ni mimi, Silvano wa Gulwe."

Ulirudia jina lake. Sauti ilikukatika katikati ya "Mwili wa Bwana", ukaanza upya, ukamaliza. Nami nikasema, "Ni mimi, Restuta," na wa nyuma yangu akataja jina lake, na wa nyuma yake, mpaka mstari ukaisha. Hakuna aliyewafundisha.

Njiani kurudi Silvano alikaa nami basini mpaka karibu na nyumbani. Basi lilipopunguza mwendo alitoa barua yako mfukoni, akaikunja vizuri, akaniambia, "Mwalimu, mwandikie. Kwenye usaili nitakuja, ila swali la kwanza nimeshalijibu."

Dada yako,
Restuta